Chumvi kwenye neno "salary"

Mhariri,

Yapo maelezo yanayorudiwa sana, hasa Mei Mosi inapokaribia: kwamba neno la Kiingereza "salary" lina asili ya chumvi, kwa kuwa askari wa Roma walilipwa mshahara wa chumvi. Nusu ya kwanza ni sahihi. Nusu ya pili haina ushahidi wowote wa zama hizo, na inapotosha wanafunzi wanaoikariri.

Neno lilitoka kwenye Kilatini "salarium", likapita kwenye Kifaransa cha watawala wa Uingereza na kuingia Kiingereza katika karne ya 14. "Sal" ni chumvi. Lakini malipo ya kawaida ya askari hayakuitwa salarium, yaliitwa "stipendium". Wakati wa Augusto, kaisari wa kwanza wa Roma, askari wa legioni, yaani kikosi kikuu cha jeshi, alipata denari 225 kwa mwaka, fedha taslimu, kwa awamu tatu.

Tuna hata hesabu zenyewe. Karatasi ya mafunjo kutoka Misri, ya mwishoni mwa karne ya 1, inaonyesha awamu moja ya askari aitwaye Proculus: drakma 248, sarafu iliyotumika Misri. Makato yake ni nyasi kavu 10, chakula 80, viatu na mikanda 12, sikukuu ya Saturnalia kambini 20, nguo 60. Jumla 182, akabakiwa na 66. Chumvi haikutajwa. Kama ilikuwamo, ilikuwa ndani ya chakula, ambacho askari alikatwa fedha kukilipia.

Basi salarium ilikuwa nini? Posho. Zaidi walipewa wakubwa: mwanahistoria wa Roma Tacitus anaitaja kama malipo ya gavana, na mwenzake Suetonius anasema Kaisari Nero aliwapangia maseneta waliofilisika salarium ya kila mwaka, wengine hadi sarafu za sesterti 500,000. Hakuna anayedhani hayo yalikuwa magunia ya chumvi.

Shahidi anayeitwa kila mara ni mwandishi wa Roma Plinio Mkubwa, aliyekufa mwaka 79 volkano ya Vesuvius ilipolipuka. Msomeni alivyoandika: chumvi inahusishwa na heshima na utumishi wa jeshi, na jina salarium limetoka huko. Basi. Hasemi nani alilipwa chumvi, kiasi gani, wala lini. Waliokuja karne nyingi baadaye ndio waliojaza pengo, na kamusi kubwa ya Kilatini ya 1879 ikaandika "fedha ya chumvi kwa askari" kana kwamba limethibitishwa.

Kosa ni kulifanya jina kuwa ushahidi wa kitu. Kilatini kilikuwa na posho nyingine za namna hiyo. "Calciarium" ilikuwa hela ya viatu. Wanamaji waliokuwa wakienda Roma kwa miguu walimwomba Kaisari Vespasiano hela hiyo, naye akaamuru wawe wanakimbia pekupeku. Waliomba fedha, si makubazi. Hata neno letu mshahara limetoka kwenye Kiarabu "shahr", mwezi, na hakuna aliyewahi kulipwa mwezi.

Mwandishi wako akikutana na asili ya neno lolote, aulize mambo matatu kabla ya kuchapa: andiko la zamani kuliko yote ni la mwaka gani, linasema nini hasa, na je, kumbukumbu za malipo za wakati huo zinakubaliana nalo? Kwa "salary", inatosha kuandika kwamba asili yake ni neno la Kilatini lenye mzizi wa chumvi, na kwamba sababu ya jina hilo haijulikani kwa hakika.

Msomaji wako,
Morogoro