Namba za wateja zisafishwe kabla ya kununua programu ya kupiga simu

Bwana Mhariri,

Maduka ya dawa, mawakala wa forodha, depo za saruji na shule za binafsi hapa Lubumbashi wanaacha polepole daftari la namba na kuhamia kwenye kompyuta: orodha ya wateja inakaa kwenye skrini, karani anabofya jina, simu inaita. Tunaunga mkono hatua hii kwa moyo wote. Pale ambapo namba zote ziko katika simu ya mfanyakazi mmoja, siku anapoacha kazi au simu inapoibiwa, biashara inabaki bila njia ya kuwafikia watu wake. Ila sisi tunaofunga programu hizi tunaona wengi wakianzia mkiani. Swali la kwanza wanalouliza ni programu gani iliyo bora, kumbe kinachovunja kazi karibu kila mara ni jinsi namba zenyewe zilivyoandikwa.

Namba kamili ya Kongo ni +243 ikifuatwa na tarakimu 9, bila ile 0 ya mwanzo. Mteja mmoja anaweza kuwa ameandikwa kwa sura tatu: 099 na kuendelea, +24399 na kuendelea, 0024399 na kuendelea. Karani anajua ni mtu yule yule, lakini programu inaweza kuhesabu watu watatu, na mteja akapigiwa mara tatu kuhusu deni moja. Kwetu huku kusini kuna shida kubwa zaidi. Namba zinazoanza na 097 ni za Airtel ya Kongo, na 097 hiyo hiyo ni ya Airtel ya Zambia, zote tarakimu 10 zikiandikwa kwa namna ya nyumbani. Dereva wa lori aliyeacha namba yake mpakani Kasumbalesa kama 097 anaweza kuwa wa +243 au wa +260, na kompyuta haina namna ya kutambua. Simu itamfikia mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo alama ya kujumlisha na namba ya nchi ziandikwe siku ile namba inapopokelewa, mwenye nayo akiwa bado amesimama mbele ya karani.

Mambo ya jina tuyapite haraka. Mahali pasiandikwe ndani ya jina. «Papa Kabwe Kenya» anaweza kuwa mteja wa komini yetu ya Kenya au mfanyabiashara wa Nairobi. Mji uwe na safu yake, kazi iwe na safu yake.

Kuhusu kuzitoa namba kwenye simu: kwanza nakili zile zilizo kwenye SIM kwenda kwenye kumbukumbu ya simu, kwa sababu SIM nyingi hubeba majina 250 hivi tu, huyakata yakiwa marefu, na simu nyingine huziacha namba hizo nyuma wakati wa kutoa orodha. Kisha, ndani ya programu ya majina ya simu, chagua kutoa orodha kama faili. Utapata faili linaloishia na .vcf. Ukilifungua ukaona Hélène amegeuka H=C3=A9l=C3=A8ne, usiogope wala usianze kusahihisha kwa mkono. Huo ni uandishi wa vCard 2.1, toleo la zamani la muundo wa .vcf ambalo simu nyingi za Android bado zinalitumia, na programu nzuri ya anwani italisoma sawasawa. Thunderbird, ambayo ni ya bure, inapokea .vcf na pia CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, na kwa ofisi ya kawaida inatosha.

Hasara kubwa hutokea Excel inapoingia katikati. Mtu anabofya mara mbili faili la CSV, Excel inaona namba ya simu na kuidhani ni hesabu: 0 ya mwanzo inaondolewa, alama ya + inaondolewa, na tarakimu 12 zilizobaki zinaonyeshwa kama 2,44E+11. Mpaka hapo hakuna kilichoharibika kwenye diski. Lakini akibonyeza kuhifadhi, Excel inaandika ndani ya CSV kile kifupisho chenyewe, na tarakimu za mwisho za kila mteja zimekwenda. Kupanua safu baadaye hakurudishi kitu. Tunawashauri watu watumie LibreOffice Calc kwa kazi hii: ukifungua CSV, dirisha linatokea lenyewe kabla ya chochote, chagua UTF-8 ili herufi zenye alama za Kifaransa zisiharibike, chagua kitenganishi, yaani alama inayotenga safu moja na nyingine, bofya kichwa cha safu ya namba na uifanye «Texte». Kuhusu kitenganishi, kumbuka kwamba Excel ya Kifaransa hutenganisha kwa nuktamkato, maana mkato imeutumia kwenye desimali. Programu inayosubiri mkato italundika jina, namba na mji katika safu moja.

Namba zikishakuwa maandishi, fomula moja inazinyoosha zote, tukichukulia namba iko A2 na kompyuta ni ya Kifaransa:

="+243"&DROITE(SUBSTITUE(A2;" ";"");9)

Inaondoa nafasi, inachukua tarakimu 9 za mwisho, inaweka +243 mbele. Sura zote tatu tulizotaja zinakuwa moja. Kuna mitego miwili. Namba za Zambia nazo zina tarakimu 9 baada ya namba ya nchi, kwa hiyo fomula hii itawafanya Wazambia wote kuwa Wakongo. Wateja wa nje watengwe kwanza kwenye karatasi yao. Na pale karani alipoandika namba mbili katika kisanduku kimoja, 081 mkwaju (/) 099, fomula itachukua ya mwisho na kuitupa ya kwanza. Zitenganishe kabla. Ukimaliza, nakili matokeo na kuyabandika kama thamani, ndipo ufute waliojirudia.

Sasa kupiga. Njia ya kwanza ni kompyuta kuiendesha simu ya mkononi kwa Bluetooth. Katika Windows programu yake ni Phone Link, ambayo kwenye kompyuta ya Kifaransa inaitwa Mobile connecté. Sauti inapita kwenye laini ile ile ya SIM na bei ni ile ile ya kawaida. Intaneti inahitajika kuunganisha vifaa mwanzoni, lakini sauti ya mazungumzo haili mega. Kompyuta nyingi za mezani za mtumba hazina Bluetooth, basi nunua kile kipande kidogo cha USB. Simu ikae karibu, ndani ya mita 10 na bila ukuta mnene katikati. Na tafadhali msitumie spika za kompyuta: maikrofoni inachukua sauti ya mteja na kumrudishia, naye anajisikia mwenyewe. Hedifoni ya waya yenye maikrofoni inamaliza tatizo.

Kwa biro yenye karani mmoja au wawili, njia hii inatosha, na hatuoni sababu ya kuuziwa zaidi. Wakiwa watano au kumi ndipo inafaa njia ya pili, yaani programu za SIP, zinazopiga simu kupitia intaneti, kama Linphone, MicroSIP au Zoiper. Hizi zinahitaji akaunti kwa mtoa huduma, yaani jina la seva, jina la mtumiaji na neno la siri, na zinakula mega. Hesabu inategemea kodeki, yaani namna programu inavyogeuza sauti kuwa data: kwa kodeki ya G.711 mazungumzo huchukua karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, sawa na megabaiti 1.3 hivi kwa dakika. Kwa G.729 ni karibu kilobiti 31 kila upande, chini kidogo ya nusu megabaiti kwa dakika. Dakika 100 ni megabaiti 130 kwa ile ya kwanza na 47 hivi kwa ya pili. Anayenunua intaneti kwa kifurushi aangalie kodeki iliyowekwa kabla ya kulaumu mtandao.

Lalamiko tunalolisikia zaidi ni hili: namsikia mteja, yeye hanisikii, au kinyume chake. Maikrofoni ikiwa nzima, sababu ya kawaida ni ruta inayoficha anwani ya kompyuta, hata sauti ya upande mmoja ikakosa pa kwenda. Weka seva ya STUN, inayoijulisha programu anwani yake inavyoonekana nje, katika mipangilio ya programu. Simu zikiacha kuingia baada ya dakika chache za kimya, ruta imefunga njia. Punguza muda wa programu kujisajili upya. Na kama mna intaneti ya setilaiti zile zilizo kilomita 36,000 juu, mawimbi peke yake yanachukua karibu robo sekunde kwenda, wakati ucheleweshaji unaopendekezwa hauzidi milisekunde 150. Watu watakatizana maneno, na hakuna mpangilio wa programu utakaoondoa hilo.

Umeme nao. Kompyuta ya mapajani ina betri, ruta haina. Shirika la umeme SNEL likikata, karani anabaki na skrini inayowaka na simu iliyokufa. Ondulere ndogo, yaani betri ya akiba, ya ruta peke yake inashikilia muda mrefu, kwa kuwa ruta hula wati chache.

Skype ilifungwa na Microsoft Mei 2025, na ambao orodha yao ilikuwa humo tu walilazimika kuhangaika kuitoa. Orodha iwe faili lenu, programu iwe mgeni wake. Kila Jumamosi toeni nakala ya .vcf, iwekwe kwenye flashi isiyokaa ndani ya kompyuta ile ile, na flashi ishikwe na mwenye biashara, maana namba na majina ya watu ni mali yao pia: Kanuni ya Dijitali ya nchi yetu, Ordonnance-loi 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda taarifa za mtu binafsi. Orodha ya wagonjwa wa duka la dawa haipaswi kuzunguka kwenye WhatsApp.

Kabla ya kuweka kando simu ya zamani, chagueni namba chache kutoka kila mtandao, 081, 085, 099, na moja ya Zambia, mzipige kutoka kwenye kompyuta. Wa Kinshasa wapigieni kuanzia saa tatu asubuhi yetu. Kwao ni saa mbili.

Mafundi wa kompyuta na mitandao,
Kamalondo, Lubumbashi