Hazina ya Mtambwe Mkuu nayo ifanyiwe muvi

Mhariri, assalaam alaykum. Juzi nimekaa na wanangu tumeangalia ile muvi ya Nicolas Cage ya kusaka hazina, National Treasure ya 2004, na mie mtu mzima nimekodoa macho kuliko wao wallahi. Haina matusi wala uchafu wa kukufanya utafute rimoti mbele ya watoto, ni fumbo juu ya fumbo, mara ramani nyuma ya Tangazo la Uhuru wa Marekani, mara miwani ya Benjamin Franklin, mpaka wanashuka chini ya kanisa New York kwa ngazi za mbao zinazokatika. Kilichonikuna zaidi ni jamaa hakutaka kujilimbikizia, mali anaitoa iende makumbusho.

Sasa sie Pemba tuna magofu ya mji wa kale wa Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari za dhahabu, na Pujini kuna ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani, ina chumba chini ya ardhi, hadithi gani tena mnataka? Watengenezaji filamu wetu, njooni Pemba na kamera zenu, watoto wetu nao waione hazina ya kwao.

Msomaji wako, Pemba