Lamu haihitaji tovuti nyingine ya afya

Mhariri,

Kila inapozuka kero ya dawa au ya maji katika visiwa vyetu, hakosi mtu wa kusimama mkutanoni akapendekeza kaunti au mfadhili aanzishe tovuti ya afya na haki za wananchi. Pendekezo hupigiwa makofi. Sisi tunaoshughulika na afya ya jamii na usaidizi wa kisheria tunaona huko ni kuchimba kisima cha pili, ilhali cha kwanza kimejaa na kilichokatika ni kamba ya ndoo.

Tazama kilichopo, tena bure. Sheria za Kenya, Gazeti Rasmi la Serikali na hukumu za mahakama zimo katika tovuti ya Kenya Law. Orodha ya vituo vya afya vya nchi nzima, pamoja na nambari ya kila kituo, Wizara ya Afya imeiweka wazi. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2022 una takwimu za kaunti zote 47, Lamu ikiwemo. Anayetafuta majarida ya Afrika anayo African Journals Online, iliyoanza 1998. Anayefuatilia usawa katika afya mashariki na kusini mwa Afrika anao mtandao wa EQUINET. Kisha kuna Hinari, iliyofunguliwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji ili hospitali na vyuo vya nchi zenye kipato kidogo vipate majarida ambayo kwingine huuzwa ghali. Hapa wengi hukwama kwa jambo dogo: anayesajiliwa ni taasisi, si mtu binafsi. Muuguzi hujaza fomu kwa jina lake, hukataliwa, akadhani mlango umefungwa. Fomu hiyo ni ya mkuu wa taasisi au mkutubi, na ikishapita, nenosiri hugawiwa wafanyakazi wote.

Lakini kinachowahusu zaidi wasomaji wako si majarida. Ni dawa ambazo hazipo kabatini. Kwa hilo chombo chenye nguvu kuliko tovuti yoyote ni Sheria ya Kupata Habari ya 2016, iliyotokana na kifungu cha 35 cha Katiba, na imo hukohuko Kenya Law. Inamruhusu raia kuandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika hulisema, na afisa analazimika kuliandika. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Anayeomba aweza kudaiwa gharama ya nakala tu.

Maombi mengi huharibika kwenye sentensi ya kwanza. Mtu huandika, "Tunataka kujua kwa nini zahanati yetu haina dawa." Hilo ni lalamiko, na afisa aweza kulijibu kwa aya tatu za heshima zisizo na kitu ndani. Omba karatasi, usiombe sababu. Andika hivi (KEMSA ni shirika la serikali linalosambaza dawa, na ORS ni pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji kwa anayehara): "Naomba nakala za hati za kupokelea dawa kutoka KEMSA kwa zahanati ya (jina na nambari yake), tangu Januari 1 hadi Machi 31, pamoja na kadi za stoo za amoksilini na ORS kwa kipindi hichohicho." Nambari ya zahanati utaitoa kwenye ile orodha ya Wizara, nayo huzuia kisingizio cha majina kufanana. Ukizilaza karatasi hizo mbili pamoja, ndipo swali lenyewe huonekana. Kama hati haipo, shehena haikuja, na wa kuulizwa yuko makao ya kaunti: je, agizo lilichelewa au deni halikulipwa? Kama hati ipo na kadi yaonyesha dawa zilikwisha wiki ya pili, basi ama wagonjwa ni wengi kuliko makadirio, ama zimetoka kwa njia nyingine. Ni mambo mawili mbalimbali kabisa, na mkutano wa baraza hauwezi kuyatenganisha kwa sauti kubwa.

Peleka nakala mbili, ambatisha nakala ya kitambulisho, na usiondoke ofisini kabla nakala yako haijagongwa muhuri wenye tarehe. Siku zahesabiwa tangu ombi lipokewe: 21 kwa kawaida, saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, na ofisi yaweza kujiongezea mara moja tu, isizidi siku 14. Ukikosea ofisi, waliolipokea wanapaswa kulihamisha ndani ya siku tano. Kimya nacho kina maana kisheria: muda ukipita bila jibu, ombi huhesabiwa limekataliwa, na wewe una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki katika Utawala, ile ijulikanayo zaidi kama Ombudsman. Wengi hungoja kwa adabu miezi minne, wakifika huko muda umewapita.

Takwimu nazo zina mitego. Mfumo wa KHIS, unaokusanya ripoti za vituo vya afya, uliojengwa juu ya programu ya DHIS2 na kutumika nchi nzima tangu 2011, hauingiwi bila akaunti, ila takwimu zake zaweza kuombwa kwa njia ileile. Ukizipata, tazama kwanza ni vituo vingapi vilituma ripoti mwezi huo. Mwezi usio na ripoti si mwezi usio na malaria. Huenda boti haikwenda, fomu zilikwisha, au mhudumu pekee alikuwa likizo. Ukiona chanjo imefika asilimia 110, usicheke wala usishangilie. Idadi ya watoto wanaotarajiwa hukadiriwa kutokana na sensa, na sensa ya 2019 iliipa Lamu yote watu 143,920. Kaunti yenye watu wachache hivyo, familia kadhaa zikihamia Hindi au Mpeketoni hesabu huyumba.

Usichapishe idadi ndogo kijiji kwa kijiji. "Mwanamke wa miaka 34, Ndau, anatumia ARV" ni sawa na kumtaja jina. Ndau yote itamjua kabla ya alasiri. Hali ya afya ya mtu ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na picha ya ukurasa wa rejista iliyorushwa WhatsApp haifutiki tena.

Tukija kwenye lugha, hapa ndipo tungependa pesa ziende. Maelezo mengi mazuri yako kwa Kiingereza, na watu huyatia katika programu za kutafsiri. Chukua maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayehara, pakiti ya ORS ikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Tafsiri ya mashine ikiandika "kijiko" tu, nyumba nyingi zitachukua kijiko cha kulia wali, ambacho hubeba kiasi cha mara tatu ya kile cha chai. Chumvi ikizidi, mtoto huzidi kukaukiwa. Sukari ikizidi, kuhara huongezeka. Na lita? Chupa iliyo karibu jikoni mara nyingi ni ya nusu lita. Pakiti za ORS zenyewe ziko za nusu lita na za lita moja, kwa hiyo aliyezoea moja akipewa nyingine hukosea bila kujua. Tafsiri inayofaa huku kwetu lazima itaje kijiko gani na chupa gani, iseme maji hayo yamwagwe baada ya saa 24, na isisahau zinki: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

Hifadhini nakala pia. Mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada, tovuti ya USAID ilizimwa, na ripoti zilizotegemewa kwa miaka zikawa hazifunguki. Baadhi zapatikana kwa kuandika anwani ya zamani katika Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za tovuti za zamani, na kuchagua mwaka, lakini si zote. Ripoti muhimu ipakuliwe siku inapoonekana, ipewe jina lenye tarehe, iwekwe kwenye kadi ya kumbukumbu. Kadi husafiri kwa mashua hadi Kiwayuu bila kula bando la mtu.

Anayedhani haya ni mambo ya makaratasi tu na asome hukumu ya Juni 26, 2019, iliyofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Kwasasi, hapa Lamu. Leseni hiyo ilianguka kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ilifanyika kabla ya utafiti kukamilika, na watu hawakupewa ripoti kamili waitolee maoni. Hukumu hiyo imo mtandaoni bure, nayo yafaa kusomwa na kila anayekabili mradi mwingine, maana inaonyesha ushirikishwaji halali unapaswa kuwa na nini.

Ombi letu kwa kaunti na wawakilishi wadi ni dogo kuliko tovuti. Kila tarafa ipate kompyuta moja, printa moja, na mtu mmoja mwenye mshahara ambaye kazi yake ni kusoma, kutafsiri kwa Kiswahili kinachoeleweka Faza na Kizingitini, kuhifadhi, na kuwasaidia watu kuandika maombi. Wahudumu wa afya ya jamii waliokabidhiwa simu mwaka 2023 wapelekewe hizo tafsiri moja kwa moja. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 na kupitishwa kabla ya Juni 30. Pendekezo hili lisipoingia humo, litangoja mwaka mzima.

Wahudumu wa afya ya jamii na wasaidizi wa kisheria,
Mkomani, Lamu