Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa kikundi chetu cha kuwafundisha watoto hesabu hapa Dodoma, mbukwenyi!

Katika mkutano uliopita mlinituma jambo moja kubwa: tuache kuwakaririsha watoto majibu ya mitihani ya zamani, tuwafundishe mpaka waipende hesabu. Nitaanza na hilo, maana ndilo lililochukua muda wetu. Mengine nitayapitia kwa kifupi.

Sote tunajua jinsi Hisabati inavyowaangusha watahiniwa wa kidato cha nne mwaka hadi mwaka. Mwaka huu nimeona kwa macho yangu anguko hilo linapoanzia. Kijana mmoja wa Chang'ombe, aliyemaliza darasa la saba akiwa hodari wa MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), aliingia kidato cha kwanza akakuta BODMAS, kanuni hiyo hiyo kwa Kiingereza, ubaoni. Akadhani ni mada ngeni, akakata tamaa. Namba tasa, witiri na shufwa, kigawo kikubwa cha shirika (KKS) na kigawe kidogo cha shirika (KDS), vyote alikuwa navyo kichwani. Hakuna aliyemwambia kwamba ndivyo hivyo hivyo anavyofundishwa sasa kwa Kiingereza. Tangu hapo kila mtoto wa kidato cha kwanza anayekuja kwetu ana daftari la safu mbili, Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia, na analijaza mwenyewe. Kwa maoni yangu hatujafanya jambo la maana kuliko hilo mwaka huu.

La pili ni swali "Umepataje?" Jumamosi moja binti wa darasa la sita alijumlisha nusu na theluthi akaandika 2/5. Mkufunzi hakumwekea mkasi wa kukosa. Alimuuliza amepataje, naye akaeleza bila wasiwasi: kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Mkufunzi akavuta debe na karanga. "Una nusu debe, nakuongezea theluthi ya debe. Utabaki na pungufu ya nusu?" Bibi yake binti huyu anauza karanga Sabasaba. Aliliangalia debe, akacheka, akafuta jibu lake. Akatafuta KDS ya 2 na 3, akapata 6, akaandika 5/6 kisha akaomba apewe swali jingine. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na furaha niliyoipata siku ile bado ninayo.

Lipo pia lililoniumiza. Mmoja wetu alimwita mtoto "mzito" mbele ya wenzake, na mtoto akaacha kuja. Nilikwenda nyumbani kwao nikaomba radhi mbele ya mama yake. Amerudi, ila kwa sasa anakaa nyuma kabisa na hanyooshi mkono. Wakufunzi, nawasihi: mtoto akishaona aibu ya kukosea, hajaribu tena, na asiyejaribu hatuna cha kumfundisha.

Bao limetufaa sana. Mashimo 32 na kete 64 vinamlazimu mtoto kuhesabu mbele kabla hajagusa kete, na wapo waliokuwa wakiogopa kugawanya ambao sasa wanagawanya kwa kichwa.

Mahudhurio yalishuka mtama na uwele ulipoanza kukomaa. Watoto wa Nzuguni na Mtumba walikuwa mashambani wakiamia ndege, na siwezi kumlaumu mzazi anayelinda chakula cha mwaka mzima. Lakini kwelea kwelea hushambulia zaidi asubuhi na jioni; adhuhuri shamba hutulia. Kamati inapendekeza kwamba msimu ujao wakufunzi wawafuate watoto huko huko, kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, chini ya mbuyu wowote wenye kivuli. Naomba mjadili na kupitisha hilo leo.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Wanachuo wanaojitolea huondoka vyuo vikifungwa, hivyo tunahitaji wakufunzi wanaoishi hapa mjini mwaka mzima. Fomu anazo katibu. Na mwenye debe au kisado asichokitumia akilete Jumamosi. Tulivyo navyo havitoshi.