Wakili wa Serikali akutane na mlalamikaji mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mashauri ya ubakaji na ya wanawake wanaoandamwa na wanaume, kama ninavyoyaona katika kazi yangu ya usaidizi wa kisheria hapa Urambo, mkoani Tabora. Shauri la aina hii likianguka, watu huwalaumu polisi au hakimu. Anayesahaulika ni mwendesha mashtaka, yaani Wakili wa Serikali, ambaye ndiye mwenye kauli juu ya hati ya mashtaka, juu ya mashahidi watakaoitwa, na juu ya shauri kuendelea au kuondolewa.

Sheria yetu si legelege. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, adhabu ya ubakaji kwa kawaida haipungui miaka 30 jela, na anayembaka mtoto wa chini ya miaka 10 hufungwa maisha. Mahakama ya Rufani nayo imekwisha kusema mara nyingi kwamba ushahidi bora wa kosa hili hutoka kwa yule aliyetendewa. Ikiwa ndivyo, inashangaza kwamba katika mashauri kadhaa niliyoyafuatilia mlalamikaji alimwona Wakili wa Serikali kwa mara ya kwanza asubuhi ileile ya kutoa ushahidi, kwenye kibaraza cha mahakama, wakili akipekua jalada kwa haraka huku karani akianza kuita majina.

Kutoka hapo makosa huzaliwa, tena makosa madogo. Mlalamikaji anayedaiwa kuwa chini ya miaka 18 lazima umri wake uthibitishwe, na mzazi anaweza kuuthibitisha kwa kauli yake tu. Lakini nimemwona mama akishinda kwenye benchi la nje tangu asubuhi, kadi ya kliniki ikiwa imefungwa kwenye kitenge, na hakuna aliyemwita kusema mwanawe alizaliwa mwaka gani. Mtoto mdogo asiyekula kiapo, kwa mujibu wa marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016, hana budi kuahidi kwanza kwamba atasema ukweli na si uongo, na ahadi hiyo iingie kwenye kumbukumbu. (Hilo ni jukumu la hakimu, nakubali, lakini wakili aliye makini humkumbusha kwa adabu.) Fomu ya PF3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza baada ya kumpima mlalamikaji, ikishapokelewa lazima isomwe kwa sauti mahakamani, la sivyo huondolewa kwenye ushahidi wakati wa rufaa. Basi mtu aliyefungwa miaka 30 anarudi kijijini, na majirani, ambao hawajui lolote kuhusu umri, ahadi wala PF3, wanahitimisha kwamba binti alisema uongo.

Katika wilaya moja ya mkoa huu, ambayo sitaitaja, familia ya mlalamikaji ilihamia mashamba ya tumbaku msimu ulipoanza. Hati ya wito ilipelekwa kijiji cha zamani, shauri likaahirishwa mara kadhaa kwa sababu shahidi hapatikani, kisha mashtaka yakaondolewa. Wazazi walipata habari hizo kwa mwendesha bodaboda. Namba ya simu ya baba ilikuwa kwenye maelezo aliyoandika polisi. Niliiona kwa macho yangu.

Kuhusu kuandamwa, hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu haina kosa linaloitwa kwa jina hilo. Muuza mboga mmoja alifuatwa na mwanamume kutoka nyumbani hadi gengeni kwa miezi mingi, akapokea ujumbe wa simu usiku wa manane, akaenda kutoa taarifa mara tatu, na jibu alilopewa ni kwamba arudi akishaguswa. Hata hivyo sheria zipo: vitisho ni kosa, bughudha ya kijinsia ni kosa, na unyanyasaji wa mtandaoni umo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kinachotakiwa ni mwendesha mashtaka ayatazame matukio yote kwa pamoja, aelekeze upelelezi uhifadhi ujumbe ule kabla simu haijapotea au kuuzwa, badala ya kulipima kila tukio peke yake na kuliona dogo.

Najua mawakili ni wachache na majalada ni mengi. Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Wakili aliyepangiwa jalada akutane na mlalamikaji na mzazi wake siku kadhaa kabla ya ushahidi, amweleze kwamba mashauri haya husikilizwa faraghani, maana wengi hukimbia kwa kudhani watasimama mbele ya kijiji kizima. Ahakiki tarehe na umri dhidi ya hati ya mashtaka, ambayo wakati huo bado inaweza kurekebishwa bila tabu. Na mashtaka yakiondolewa, ampigie simu yeye mwenyewe na kumweleza sababu, kabla hajakutana na mshtakiwa sokoni.

Msaidizi wa kisheria,
Urambo, Tabora