Magitaa yetu yanastahili makasha ya mbao

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wazazi, walimu na viongozi wa kwaya hapa Mombasa ambao huwanunulia vijana magitaa, kisha wakawaacha wayabebe katika mifuko ya kitambaa. Nimefundisha gitaa Kisauni kwa miaka mingi, na mengi kati ya magitaa niliyoletewa yakiwa yameharibika yalivunjikia pahali pamoja, yaani pale shingo inapoungana na kichwa. La mwisho lilikuwa la mwanafunzi wangu aliyepanda matatu iliyojaa. Utingo akalipokea na kulisimamisha kati ya viti, breki ziliposhikwa ghafla likaanguka chali, na tulipofungua mfuko tukakuta kichwa kinaning'inia kwa nyuzi tu. Kijana yule alilia mbele yangu, nami sikuwa na la kumwambia.

Kichwa cha magitaa mengi kimeinamishwa nyuma kidogo, kwa hiyo gitaa likianguka chali ndicho kinachotangulia kupiga chini. Mbao ya pale ni nyembamba, na nyuzi sita za chuma huivuta mchana na usiku kwa nguvu ambayo kwa jumla hukaribia uzito wa kilo 70. Mfuko wa kitambaa huzuia mikwaruzo na vumbi, lakini pigo kama lile hauwezi kulizuia.

Kinachofaa ni kasha la mbao, na pwani hii si mgeni wa makasha, kwa kuwa wazee wetu waliweka nguo na mali zao katika masanduku yaliyopambwa kwa misumari ya shaba. Seremala anayeweza kutengeneza kabati anaweza kutengeneza kasha la gitaa akielezwa mambo machache. Gitaa la kawaida la nyuzi za chuma lina urefu wa sentimita 104 hivi, upana wa sentimita 40 tumboni, na kina cha sentimita 12. Hata hivyo, afadhali ulilaze gitaa lenyewe juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, ulichore kwa penseli, kisha uongeze sentimita 2 kila upande kwa ajili ya sponji. Kasha lipungue upana kuelekea kichwani ili lisiwe zito. Plaiwudi ya milimita 9 yatosha kwa mbavu, yaani pande za kuzunguka kasha, na ya milimita 6 kwa kifuniko na chini. Nimewahi kuona kasha la mvule lililopendeza sana, lakini mwenyewe alishindwa kulibeba kutoka kivukoni Likoni hadi barabarani.

Fundi asitengeneze kifuniko mbali na sanduku. Aunganishe sanduku zima kwa gundi na skrubu likiwa limefungwa pande zote, gundi ikauke, kisha alikate kwa msumeno kuzunguka mbavu zote. Hapo kifuniko na sanduku vitakutana sawasawa bila kupindana. Bawaba na vitasa viwe vya shaba, kwa sababu chuma cha kawaida hakidumu katika hewa hii ya chumvi.

Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ni mto wa shingo. Ndani ya kasha kuwe na kipande cha mbao kilichochongwa mfano wa mwezi mchanga na kuvikwa mahameli, ambacho shingo italala juu yake, huku kichwa kikiwa hewani bila kugusa chochote. Mimi hulijaribu kasha kwa donge la unga wa chapati: naliweka sakafuni mwa kasha chini ya kichwa, likiwa na kimo cha sentimita 2, nalaza gitaa, nafunga kifuniko, kisha nafungua. Donge likiwa limebonyea, namrudishia fundi kasha lake hata kama limekwisha kupakwa vanishi.

Kasha pia lina madhara yake katika mji wetu. Watengenezaji wa magitaa hupendekeza unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 45 na 55, ilhali wetu mara nyingi hupita asilimia 70, na gitaa lililofungiwa wiki nzima wakati wa masika huota ukungu. Lifunguliwe mara kwa mara kivulini, na kamwe lisiachwe ndani ya gari juani, kwani joto hulegeza gundi na daraja la nyuzi, yaani kipande cha mbao kinachozishikilia tumboni mwa gitaa, hubanduka.

Ninaviomba vyuo vyetu vya ufundi vifanye kasha hili kuwa zoezi la wanafunzi wa useremala, na makanisa na shule zinazonunua magitaa ziwaagize vijana hao kazi. Karatasi yangu ya vipimo ninayo bado, na fundi yeyote anayetaka kuinakili nitamwazima.

Mwalimu wa gitaa,
Kisauni, Mombasa