Kubeti kwa simu kuwekewe kikomo

Ndugu Mhariri,

Wanaotaka kubeti kwa simu kupigwe marufuku wana uchungu ninaouelewa. Juzi kijiweni kwetu kijana wa bodaboda alinionyesha mkeka wake, yaani orodha ya mechi alizobetia: timu kumi na moja zimetiki, ya kumi na mbili imeuchana dakika za nyongeza. Alikuwa ameweka hesabu ya tajiri, yaani pesa ya siku ya mwenye pikipiki, shilingi 10,000. Alikaa juu ya pikipiki, hathubutu kwenda kuirudisha.

Hata hivyo, marufuku siiungi mkono. Sheria ya 2003 imeiweka michezo ya kubahatisha chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Tukiifunga, vijana watahamia tovuti za nje ambako Bodi haina mkono.

Kinachoniumiza ni simu yenyewe. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi, lakini laini imesajiliwa kwa kidole cha mama, na mtoto anaijua namba ya siri. Nani atamkagua? Kwenye duka la kubeti angalau muuzaji anakuona sura.

Naiomba Bodi iweke kikomo cha pesa kwa siku kwa kila laini, na matangazo yasisikike redioni kabla ya saa nne usiku.

Mama wa watoto watatu,
Mbagala, Dar es Salaam